Kidani cha fedha cha rola dabi: kukatwa kwenye bamba au kumiminwa kwa nta?

Mezani kwangu, hatua chache kutoka kelele za Makoroboi hapa Mwanza, vimelala vidani viwili vya fedha ambavyo kwa mbali huwezi kuvitofautisha. Vyote ni nakala ya beringi ya kiatu cha magurudumu: duara la nje milimita 22, tundu la katikati milimita 8, na gololi saba zimejipanga kati yake. Kimoja nimekikata kwa msumeno kwenye bamba la fedha. Kingine nimekimimina kwa nta, yaani fedha ya moto imejaza umbo lililoachwa na nta iliyoungua. Ukivishika mkononi, ukavipima, ukavigonga kidogo kwenye ukingo wa meza, ndipo kila kimoja kinapoanza kusema kabila lake.

Nimevitengeneza kwa sababu mteja aliyeagiza alitaka kuona kwa macho ndipo achague. Nadhani ni akili nzuri. Watu wengi huja na picha kwenye simu, wanasema "nitengenezee kama hii", wanaondoka. Wakirudi wanashangaa kwa nini kidani ni kizito, au kwa nini bei imepanda, au kwa nini kimepinda. Njia ya kutengeneza ndiyo iliyoamua hayo yote, nao hawakuulizwa.

Kabla ya kwenda mbali niondoe mkanganyiko mmoja. Ukitaja dabi hapa Mwanza, mtu anakuuliza wewe ni Simba au Yanga. Rola dabi ni kitu kingine. Ni mchezo wa viatu vya magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, uliozaliwa Chicago mwaka 1935 mikononi mwa Leo Seltzer, ukafifia baada ya miongo kadhaa, kisha ukafufuliwa na wanawake wa Austin, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Timu mbili huzunguka uwanja wenye umbo la yai, kila timu watu watano. Mmoja ni mfungaji, wao humwita jama, ambaye kofia yake ina nyota kila upande. Wanne ni mabloka, kazi yao kumzuia jama wa wenzao na kumfungulia njia wa kwao. Kati ya hao wanne mmoja anaweza kuwa pivoti, naye huvaa kofia yenye mstari. Kipande kimoja cha mchezo, jamu, hakizidi dakika mbili. Jama akishapenya kundi mara ya kwanza, kila mpinzani atakayempita baada ya hapo ni pointi moja. Wanagongana kwa mabega na nyonga, kwa sheria, na wanaanguka sana.

Nayaeleza haya kwa sababu sonara asiyeyajua ataharibu kazi. Nyota ni ya jama. Mstari ni wa pivoti. Ukimchongea bloka nyota kwa kuwa inapendeza, umefanya kama aliyemvalisha golikipa jezi ya mshambuliaji, na wenzake watamcheka.

Mteja wangu alicheza mchezo huu Uingereza alipokuwa masomoni, akarudi nyumbani na goti lenye kovu na beringi moja chakavu ndani ya pochi. Alinikuta asubuhi nawasha jiko.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akaiweka beringi mezani, bado ina grisi nyeusi. "Nataka hii, lakini ya fedha. Kumi na tano za wenzangu wa kule, na moja yangu."

Kumi na tano ndiyo idadi ya juu ya wachezaji ambao timu inaruhusiwa kuandikisha kwa mchezo mmoja. Kwa hiyo hapo hapo kulikuwa na kazi mbili tofauti, ingawa yeye alidhani ni moja.

Niliipenda beringi kuliko michoro yote niliyowahi kuletewa, na sababu ni ya kifundi. Ukitaka kidani cha kiatu kizima au gurudumu, lazima ukipunguze, na kitu kikipunguzwa maelezo madogo hupotea. Beringi ya viatu hivi ni ile ile namba 608 ya mafundi mitambo, na milimita zake 22 tayari ni saizi ya kidani. Unaitengeneza kama ilivyo. Mchezaji akiishika ataijua kwa kidole hata gizani, maana ameshaifungua na kuisafisha mara nyingi.

Kitu pekee usichonakili ni unene wake. Beringi halisi ina unene wa milimita 7. Nilipiga hesabu: ukiitengeneza ngumu kwa fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha kwa elfu, zilizobaki shaba), ambayo kila sentimita moja ya ujazo ina gramu 10.36, unapata karibu gramu 24. Huo ni uzito wa kuning'iniza kwenye mlango. Kuna waliowahi kuniomba nichukue beringi yenyewe ya chuma nikaizungushie fedha. Nilikataa na ninakataa bado. Chuma hakipendi tindikali ya kusafishia, na ukikiingiza humo fedha yako inatoka imepakwa shaba. Grisi ndani inaungua. Na chuma kilichopoteza grisi yake, kando ya ziwa, kitaota kutu kabla ya masika kuisha.

Sasa kile cha bamba. Bamba ni fedha iliyoyeyushwa, ikamiminwa kuwa kipande, kisha ikapitishwa kwenye rola mara nyingi mpaka ikawa nyembamba (rola hiyo ni ya sonara, si ya viatu). Nilikata duara la unene wa milimita 0.8 kuwa kitako. Juu yake nikalehemu pete mbili za milimita 0.7, ya nje na ya ndani, ili kati yake pabaki mfereji. Gololi saba nilizipata kwa kuyeyusha vipande vidogo vya masazo juu ya mkaa. Fedha ikiyeyuka kwa kiasi kidogo hujikunja yenyewe kuwa tone la duara, huna haja ya kuitengeneza. Jumla yake gramu 5.

Uzuri wake uko kwenye kingo. Msumeno hukata kona kali, na mfereji una kina cha kweli, kivuli kinakaa ndani. Tena fedha iliyopita kwenye rola ni ngumu kuliko iliyomiminwa, kwa hiyo unaweza kuifanya nyembamba na isipinde ovyo. Ubaya wake ni maungio. Kila gololi inashikwa na lehemu, na kila lehemu ni mahali ambapo kazi inaweza kufunguka. Ninaanza na lehemu ngumu kwenye pete, namaliza na laini kwenye kikonyo cha kupitishia mkufu, kila moja ikiyeyuka kwa joto dogo kidogo kuliko iliyotangulia. Ukipitiliza moto kidogo tu, pete inateleza na gololi mbili zinabingirika sakafuni. Nimetafuta gololi za fedha chini ya meza kwa tochi ya simu mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kimoja cha namna hii kinanichukua siku moja na nusu. Ukiniambia nifanye kumi na tano, nitafanya, lakini cha kumi na tano hakitafanana na cha kwanza, na ni karibu mwezi mzima wa kazi.

Kile cha nta kinaanza polepole zaidi, halafu kinakimbia. Unachonga mfano mmoja kwa nta ngumu, na hapo ndipo ustadi wote unapolala. Mimi nilitumia siku mbili. Nta inapimika: kidani changu kilikuwa gramu 0.7, na ukizidisha kwa kumi na nusu hivi unajua utahitaji fedha kiasi gani, kwangu ikawa gramu 7 na ushee. Mfano huo unamiminwa kwanza mmoja kwa fedha, unasafishwa, unafungwa ndani ya mpira na kupashwa moto mpaka mpira ushike umbo. Mpira ukikatwa wazi ni kalibu. Kutoka hapo unatoa nta nyingi utakavyo, zote ndugu wa tumbo moja.

Nta zinapandikizwa kwenye shina kama maembe kwenye tawi, zinawekwa ndani ya kopo la chuma, zinamwagiwa plasta ya jasi. Kopo linaingia tanurini usiku kucha. Nta inayeyuka na kuungua, joto linapanda polepole mpaka karibu nyuzi 730, na ndani panabaki uwazi wenye umbo la beringi kumi na tano. Hapo unamimina fedha.

Yote haya yanategemea umeme usikatike. Plasta iliyopata moto nusu kisha ikapoa hupata nyufa, na nyufa zikijaa fedha unapata beringi yenye mabawa. Mara ya kwanza nilipojaribu shina la beringi hizi, umeme ulikatika saa nane usiku. Nilikaa tu nikitazama kipimo cha joto kikishuka. Asubuhi nilivunja kopo bila hata kumimina, nikaanza upya. Sasa naunguza wikiendi, na nina jirani mwenye jenereta ambaye ananidai sato wawili.

Ubaya mwingine wa nta ni kwamba haipendi wembamba. Ukuta wa chini ya milimita moja hujaa kwa shida, kwa hiyo kidani kinatoka kinene na kizito. Kingo zake ni za mviringo kidogo hata ukizipiga tupa. Mara chache vitundu vidogo hujificha ndani na kujitokeza wakati wa kung'arisha, siku ambayo ulishamwambia mteja aje kuchukua. Lakini hakina ungio lolote. Gololi zake haziwezi kudondoka, kwa kuwa si gololi, ni mwili ule ule.

Ukiviweka ubavu kwa ubavu basi: cha bamba kina gramu 5, cha nta 7 na ushee. Cha bamba kina kivuli kirefu na kingo kali, cha nta kinapendeza kwa mguso, kama kokoto iliyolambwa na mawimbi. Kimoja tu, bamba ni rahisi kwa mfuko wako, kwa sababu hulipi siku mbili za kuchonga nta, siku ya kufunga mpira, na usiku wa tanuri. Ukifika vinne au vitano, hesabu inageuka. Vikifika kumi na tano hakuna mjadala, ni nta, na sonara atakayekuambia atavikata vyote kwa mkono ama hajapiga hesabu, ama atakupunja mahali.

Usidharau hizo gramu mbili na ushee za tofauti. Zamani watu walizoea kuona fedha kama madini ya bei poa, sonara hakupimi hata vumbi. Oktoba 2025 bei ya dunia ilivuka dola 50 kwa wakia moja, ambayo ni gramu 31.1. Vidani kumi na tano vya nta vinakula takriban gramu 110, na lile shina la kumiminia ni la ziada, ingawa shina linarudi kuyeyushwa. Muulize sonara wako akutenganishie bei ya madini na bei ya mkono. Akikataa kutenganisha, ondoka na beringi yako.

Zipo njia nyingine, nitazipitia upesi. Kumimina kwenye mchanga ni rahisi na hakuhitaji tanuri, ila mchanga wenyewe lazima uwe laini wenye udongo wa kushikamana. Wa ufukweni Nyegezi ni mzuri wa kukalia, kwa kumiminia haufai, unabomoka. Mfupa wa dome, yule ndugu wa pweza, ukichongwa kuwa kalibu hutoa alama nzuri kama mistari ya mbao, lakini dome ni wa maji chumvi. Ziwa letu lina sato, sangara na dagaa, kwa hiyo mfupa huo ni wa kuagiza pwani. Tena hautanakili gololi ndogo, utazifuta. Udongo wa fedha, ule uliobuniwa Japani, unafinyangwa kama unga wa ngano kisha unachomwa mpaka unabaki fedha tupu. Husinyaa unapochomwa, kwa hiyo milimita 22 zako hazitabaki 22 usipozipigia hesabu mapema, na gramu yake ni ghali kuliko ya bamba. Kwa mtu anayejifunza nyumbani ni mzuri. Kwa kazi hii, hapana.

Kuna jambo moja lililobadilisha kila kitu kwa kile kidani cha kumi na sita, chake mwenyewe. Wiki iliyofuata alikuja na babu yake, mzee wa Kisukuma mwenye fimbo na kopo la kahawa. Ndani ya kopo kulikuwa na sarafu.

"Mwanangu," akaniambia baada ya salamu, "hizi ni fedha tupu. Mtengenezee mjukuu wangu kwa hizi."

Nilizimwaga kwenye kitambaa. Nyingi zilikuwa shilingi za Afrika Mashariki zenye sura ya Mfalme George, za kuanzia miaka ya ishirini. Nilisikitika kumwambia. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, asilimia 25. Nyingine zote ni madini ya kuchanganyia. Sarafu moja ya gramu 7.78 ina fedha isiyofika gramu mbili. Zilizofuata, kuanzia 1948, hazina fedha hata punje, ni shaba na nikeli. Ukiyeyusha kopo zima unapata donge la rangi ya mchuzi lisilokubali kufuliwa.

Lakini chini kabisa zilikuwemo rupia mbili za Mjerumani. Hizo ni habari nyingine. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66, na fedha yake ni sehemu 917 kwa elfu, karibu sawa na ya 925 tunayotumia leo. Mbili ni gramu 23, zinatosha bamba la kidani kimoja na masazo yakabaki.

Nikamwambia mzee ukweli, kwamba rupia nzima inaweza kuwa na thamani kwa wakusanyaji kuliko fedha iliyomo, na nikiiyeyusha hairudi. Hata kuitoboa tundu ni kuiua. Akacheka. "Mimi nimekaa nazo miaka yote hiyo, kuna mkusanyaji aliyekuja kunisalimia?" Nilimwomba walau abaki na moja. Akafikiri, akarudisha moja kwenye kopo.

Hapa ndipo bamba lilipoishinda nta bila ubishi. Ukiweka rupia ya babu kwenye shina moja na vidani kumi na tano, fedha yote inachanganyika kwenye chungu kimoja, na robo tatu na zaidi ya fedha ya babu inapanda ndege kwenda Uingereza kwenye shingo za watu asiowajua. Kuiunguzia kopo lake peke yake ni usiku mzima wa umeme kwa kidani kimoja. Kwenye bamba, rupia inayeyuka kwenye chungu chake, inapita kwenye rola yake, na hata vumbi la msumeno nalikusanya kwenye karatasi yake. Rupia moja yenyewe, gramu 11.66, ilitosha kidani cha gramu 5, na masazo nilimrudishia kwenye pakiti. Kama una madini ya urithi, ya bibi au ya harusi iliyokwisha, chagua bamba, na umwombe sonara uwepo wakati anayeyusha. Mwenye haki hataona vibaya.

Hapo hapo nikuonyeshe namna ya kujua kama unachouziwa ni fedha, maana mitaani "silva" ni jina la rangi tu. Ile inayoitwa silva ya Kijerumani, au shaba nyeupe, haina fedha kabisa, ni shaba, nikeli na zinki. Sumaku haisaidii sana, maana haivuti fedha wala shaba nyeupe. Tumia maji. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ndogo ya kidijitali inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, isome sifuri. Pima kidani kikiwa kikavu. Kisha kifunge kwa uzi, kizamishe kikining'inia bila kugusa kikombe, na usome mizani inaonyesha nini. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Fedha ya 925 inakupa 10.3 hivi. Shaba nyeupe na shaba ya njano zinakupa nane na nusu mpaka tisa kasoro. Kipimo hiki kinahitaji kitu kigumu kisicho na uwazi ndani, na kikiwa na gramu tatu au zaidi majibu ni ya kuaminika. Nimeshamwaibisha muuzaji mmoja kwa kikombe cha chai.

Kuhusu usafi wenyewe: usiagize 999 kwa kitu cha kuvaliwa. Fedha tupu ni laini, unaweza kuipinda kwa kucha ikiwa nyembamba. Zile sehemu 75 za shaba ndani ya 925 ndizo mfupa wake. Ndizo pia zinazoleta madoa ya zambarau wakati wa kulehemu, ambayo lazima yasuguliwe, lakini hilo ni tatizo langu, si lako.

Umbo. Nimeisifia beringi, ila si kila mtu ataitaka. Nyota inaombwa sana, na ni rahisi sana kukosea. Nyota yenye ncha kali itararua kanga, itakuchoma ukiinama kufunga viatu, na itapinda ncha zake mwezi wa kwanza. Nazungusha kila ncha ibaki na upana wa milimita moja hivi, na nyota naikata kwenye bamba hata kama ni kumi, kwa sababu nta huifanya ionekane kama biskuti. Kiatu kizima ni kinyume chake, hicho ni cha nta pekee. Kina kamba, ulimi, breki ya vidole, magurudumu manne, nani atalehemu hayo? Ila pima: kiatu kigumu cha sentimita moja na nusu za ujazo ni gramu 15 na nusu. Kwa mkufu sawa. Kwa hereni, mimi naona gramu tano kwa sikio moja tayari ni nyingi, kwa hiyo hereni za kiatu kizima sikubali, chukua gurudumu moja moja lililotobolewa katikati. Namba ya mchezaji ni wazo zuri lililo nafuu kuliko yote, unaikata kwenye bamba na kupita. Tarakimu haziruhusiwi kuzidi nne, kwa hiyo daima inaenea.

Pete nakushauri uiache. Najua inapendeza, gurudumu lina umbo la pete tayari, kila anayeleta mchoro anadhani ni yeye wa kwanza kuliona hilo. Lakini mtu anayeanguka kwa mwendo kasi na pete kidoleni anaweza kuvuliwa nyama ya kidole kama soksi. Atakuambia ataivua kabla ya mchezo. Siku moja atasahau. Hata kidani ni cha kuvaliwa mchezo ukiisha, na kwa kuwa najua wengine hawatasikia, kiungo cha kushika mkufu nakiacha bila kulehemu. Kikivutwa kwa nguvu kinafunguka chenyewe, na shingo inabaki.

Mwisho wa kazi kuna mng'aro au weusi. Kwa beringi na namba nachagua weusi kwenye mifereji, la sivyo hutaona chochote zaidi ya duara linalometa. Sonara hutumia dawa ya salfa. Nyumbani unaweza kupata rangi hiyo kwa yai lililochemshwa sana, ukalisaga likiwa moto na kulifungia na kidani kwenye mfuko kwa saa kadhaa bila kugusana. Salfa ya yai inafanya kazi hiyo, na harufu utaivumilia. Kisha unasugua juu, weusi unabaki mashimoni. Kidani cha bamba hushika weusi huo vizuri zaidi kwa kuwa mfereji wake ni wa kina. Kile cha nta kinahitaji mfereji uchimbwe kidogo zaidi tangu kwenye mfano, nilijifunza hilo baada ya vitatu vya kwanza kufutika. Ukishakifanya cheusi usikioshe kwa magadi na karatasi ya alumini kama wanavyofundishana mitandaoni. Fedha itang'aa kweli, na kazi yangu yote itaondoka na maji. Sabuni ya kawaida na mswaki mlaini inatosha.

Alikuja kuchukua mwezi uliopita, na babu akiwa nyuma yake. Vile kumi na tano vya nta alivipanga kwenye kitambaa cha kaunta, akavihesabu mara mbili. Nyuma ya kila kimoja nimegonga 925. Kisha akageuza chake.

"Fundi, hiki changu umekosea namba."

"Sijakosea. Rupia ya babu haifiki 925, siwezi kuigongea uongo."

Akampa mzee aisome. Mzee akakisogeza mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akasoma taratibu: tisa, moja, saba.